Saruji Iliyosubiri Salamu

Saruji ya Shirika la Taifa ilikuwa inasubiri kuganda ghalani, masika yalikuwa njiani, na hakukuwa na mnunuzi hata mmoja aliyesoma barua pepe za Shirika mpaka mwisho.

Matatizo hayo yote aliangushiwa mtu mmoja, Bwana Kilumanga, Ofisa Mwandamizi wa Mawasiliano na Wateja wa Kibiashara. Saruji, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kujenga hata choo, haina subira. Ikipata unyevu inakuwa jiwe, na ikishakuwa jiwe haibembelezeki. Nalo ghala la Shirika lilikuwa na paa lenye heshima kubwa, maana lilizinduliwa mara mbili, na kila mahali mzinduzi alipogonga fimbo yake palivuja.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wenyeji waliiita Nchi Teule, wala hawakuuliza nani aliiteua. Ilikuwa nchi ya adabu. Huko mtu hasemi jambo kabla ya kuwataja wakubwa waliopo, waliokuwepo na wanaotarajiwa. Nyumba ikishika moto, anayewapigia simu zimamoto huanza kwa kumsalimu Baba Mlezi wa Taifa, kisha Mama Mlezi, kisha waziri mwenye dhamana ya maji, na ndipo aeleze ni nyumba ipi. Kwa kawaida wakati huo huwa hakuna tena haja ya kueleza.

Barua pepe za Shirika nazo zilikuwa na adabu hiyo. Ziliandikwa kwanza kwa mkono, zikapigwa chapa, zikapelekwa masijala kupewa namba, zikasainiwa, zikagongwa muhuri, zikapigwa picha, na picha hiyo ndiyo iliyotumwa kwa makandarasi na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nyuma yake alifuata tarishi kwa baiskeli, kwenda kumsainisha mteja kwamba barua pepe imemfikia. Kichwa kilisomeka, YAH: TAARIFA KUHUSU UWEPO WA BIDHAA AINA YA SARUJI. Chini yake, "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu." Hapo zilianza salamu. Baba Mlezi, Mama Mlezi, makamu wote wa Baba Mlezi, mawaziri, wasaidizi wa mawaziri, wakuu wa hiki na kile, mpaka Katibu Tarafa, na mwisho kabisa Mwenyekiti wa Baraza la Wafuga Nyuki. Bei ya saruji ilikuwa ukurasa wa sita, chini ya picha ya Mkurugenzi Mkuu akikata utepe.

Mteja aliyefika ukurasa wa pili alihesabiwa mzalendo. Aliyefika wa tatu, watu walisema ni shemeji yake Kilumanga.

*

Mkurugenzi Mkuu aliitwa Dokta Bwaganyo. Udokta alipewa na chuo alichokiwekea jiwe la msingi. Alimwita Kilumanga ofisini, akamsimamisha dirishani.

"Unaliona lile wingu?"

"Naliona, mheshimiwa."

"Likifika hapa na saruji bado iko ndani, nitaulizwa. Na mimi nikiulizwa huwa najibu. Unajua nitajibu nini?"

"Utajibu ni mimi, mheshimiwa."

"Una akili, ndiyo maana nakupenda. Sasa niambie, unalala nyumba ya nani?"

"Ya Shirika."

"Basi saruji ikiganda, ufunguo umwachie mlinzi pale getini. Usinisumbue kuuleta hapa."

Kilumanga alirudi nyumbani na maneno hayo kifuani kama mtu aliyemeza kokwa. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini bati lake lilikuwa zima, na mkewe, Mama Semeni, alikuwa amepanda mchicha nyuma, umeshika vizuri. Ndani mlikuwa na watoto wanne na mama mkwe ambaye tangu ahamie alikuwa hajapata la kulalamikia.

"Baba Semeni, mbona huli?"

"Hivi mama yako akiambiwa arudi kijijini kesho, atakwenda?"

Mama Semeni akaweka mwiko chini. "Kuna nini kazini?"

"Hakuna kitu. Saruji tu."

"Saruji haimfanyi mwanamume aulize habari za mama mkwe wake," alisema, akaondoa sahani.

*

Wizara iliyolisimamia Shirika nayo haikulala. Iliitisha Semina Elekezi ya Uandishi wa Barua Pepe Zenye Mvuto kwa Wateja wa Kibiashara, katika hoteli yenye bwawa. Akaletwa mtaalamu kutoka mbali, mtu mwembamba, shati bila koti, na kwa sababu hiyo washiriki wakamdharau kabla hajafungua kinywa.

Mtaalamu alizungumza muda mfupi kuliko sala ya kufungulia. Alisema: mtaje mteja kwanza. Mwambie atapata nini. Mwambie afanye nini, na mwisho lini. Halafu nyamaza.

Katika safu ya mbele aliinuka Bi. Zamoyoni Chitete, Ofisa Itifaki Mkuu, mwanamke ambaye mawaziri walimwogopa kuliko uchaguzi, kwa kuwa ndiye aliyejua nani anakaa karibu na nani.

"Mtaalamu, naomba nikuelewe. Unasema muuza misumari atajwe kabla ya Baba Mlezi?"

"Nasema yeye ndiye anayesoma, mama."

"Kwa hiyo anayesoma ndiye mkubwa?"

"Ndiye anayenunua."

Bi. Chitete akawageukia makatibu. "Andikeni hapo kwamba amesema."

Mtaalamu hakusubiri chakula cha mchana. Inasemekana alikwenda uwanja wa ndege kwa miguu. Semina iliendelea bila yeye, ikawa nzuri zaidi, na mwisho likapitishwa azimio kwamba mteja asalimiwe, ila baada ya wafuga nyuki. Barua pepe ikaongezeka ukurasa. Kila mshiriki alirudi na mkoba wenye picha ya Baba Mlezi, na Kilumanga alirudi na wake, akiitazama mbingu njia nzima. Wingu lilikuwa limevuka vilima.

*

Ndipo alipofanya jambo ambalo ofisa wa Shirika hajawahi kulifanya: alimpigia simu mteja.

Mteja huyo alikuwa Bi. Ndekile wa Mteremkoni, mji ulio chini ya mlima kama kuku chini ya kabati. Duka lake la vifaa vya ujenzi ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na sauti yake pia.

"Haloo! Nani?"

"Shikamoo, Bi. Ndekile. Ni Kilumanga, Shirika la Saruji. Kwanza nichukue fursa hii..."

"Usichukue. Nina mafundi juu ya ngazi. Sema."

"Nilitaka kujua kama mlipata barua pepe yetu."

"Ipi, ile ya marehemu?"

"Marehemu gani, mama?"

"Majina yote yale! Nilijua meli imezama. Nikasema masikini, hata Katibu Tarafa hakupona."

"Mama, ile ilikuwa ya saruji. Tunauza saruji."

Bi. Ndekile akawapigia mafundi kelele waache kugonga.

"Baba, hebu rudia. Mna saruji?"

"Ghala zima."

"Mna saruji, na mimi hapa nahangaika mpaka nauziwa majivu kwenye mfuko! Unajua nina kazi gani? Nina ukuta wa kuuzuia mlima usilale juu ya soko. Mawe ninayo, mafundi ninao, kokoto ninazo. Na wingu kwenu linaonekana?"

"Linaonekana."

"Ndilo hilo hilo. Sasa sikiliza. Niandikie kama unavyomwambia mkeo kwamba chumvi imekwisha. Kitu gani, bei gani, kiko wapi, mwisho lini. Na wenzangu waandikie hivyo hivyo. Watu wa biashara hatuna ugomvi na wakubwa wenu, ila macho yetu yana kazi."

"Na salamu je, mama?"

"Salamu zao niachie, nitazifikisha kanisani."

*

Katika Nchi Teule ulikuwepo mwanya mmoja. Kwenye mikutano ya hadhara, mzungumzaji wa sita au wa saba, akiona jua limekuwa kali na wazee wameanza kudondoka, aliruhusiwa kusema, "Itifaki imezingatiwa," akaingia kwenye hoja. Kwa maneno hayo wakubwa wote walihesabiwa wamesalimiwa. Ila ilikuwa kwa mdomo tu. Hakuna aliyewahi kuyaweka katika maandishi, kwa sababu maandishi hayapigwi jua.

Kilumanga alikaa mbele ya mashine ya barua pepe. Akaandika:

"Bi. Ndekile. Itifaki imezingatiwa. Saruji ipo, kavu, ghala la Shirika. Bei imeshuka kwa robo. Lete lori kabla ya Ijumaa jioni, unapakia siku hiyo hiyo. Jibu 'nakuja' nikuwekee zamu. Kilumanga."

Akaisoma. Ilimtisha jinsi ilivyokwisha upesi. Akaandika nyingine kama hiyo kwa kila mteja wa Shirika, kila mmoja kwa jina lake, akazituma bila muhuri na bila tarishi. Kisha akabaki anatazama mashine kama mtu aliyekohoa wakati wa dakika ya ukimya.

Mashine ikalia. "Nakuja." Ikalia tena. "Nakuja." Mkandarasi mmoja aliandika, "Kumbe mpo?" Mwingine, "Nakuja, na asante kwa kunitaja jina." Wahudumu walitoka korido kuja kuona mashine ina ugonjwa gani.

Ijumaa asubuhi malori yalikuwa yamejipanga kutoka ghalani mpaka barabara kuu. Mbele kabisa alikuwa Bi. Ndekile mwenyewe, khanga kiunoni, anamwongoza dereva wake arudi nyuma kuelekea geti la ghala.

"Njoo, njoo, njoo! We, unaogopa nini, ukuta? Ukuta ndio tunautafuta!"

Kilumanga alicheka kwa mara ya kwanza tangu wingu lionekane. Alikuwa bado anacheka gari jeusi la serikali lilipoingia.

*

Ilitokea hivi. Mwenyekiti wa Baraza la Wafuga Nyuki alikuwa na mkwe mwenye duka la mabati. Mkwe alipata barua pepe, akaisoma yote, jambo ambalo lilikuwa geni kwake, na hakuliona jina la baba mkwe. Akampigia simu kumpa pole.

Ieleweke kwamba katika nchi ile mkubwa haambiwi kuwa ameondolewa. Husikia tu jina lake limerukwa kwenye salamu, akajua, akafungasha. Mwenyekiti akauliza kwa wenzake kama wao wametajwa. Hakuna aliyetajwa. Kufikia saa nne Ijumaa hiyo, serikali nzima ilijua kwamba imefukuzwa. Wakuu wa mikoa walikuwa wanarudisha magari. Waziri wa Maji alikwisha kuvuka mpaka na kitanda chake. Baba Mlezi mwenyewe, inasemekana, alikutwa anamuuliza mpishi kama bado anamfahamu.

Kwa hiyo lori la Bi. Ndekile, lililokuwa limeingiza matako tu, lilitolewa nje, geti la ghala likafungwa, na Kilumanga akapelekwa mbele ya Kamati iliyoundwa saa hiyo hiyo. Kamati ilikaa ofisini kwa Dokta Bwaganyo. Kutoka kitini pake Kilumanga aliliona geti, malori, na juu yake wingu, ambalo sasa halikuwa wingu tena bali dari.

"Bwana Kilumanga," alisema Bi. Chitete, "umeandika hapa kwamba itifaki imezingatiwa. Ilizingatiwa wapi?"

"Moyoni, mheshimiwa."

"Moyoni mwa nani?"

"Mwangu."

"Kulikuwa na mashahidi?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni moyo mdogo."

"Na huo moyo mdogo uliweza kuwapanga wakubwa wa nchi nzima kwa mfuatano wao?"

"Ulijaribu."

"Baba Mlezi alikuwa wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa."

"Waziri wa Mifugo na Waziri wa Nyama, nani alitangulia?"

Kilumanga akaanza kuhesabu kwenye vidole.

"Iandikwe kwamba amesita," alisema Bi. Chitete.

Dokta Bwaganyo akainama mbele kwa upole, kama daktari wa kweli. Akasukuma karatasi mezani. Ilisema kwamba barua pepe ile haikuandikwa na mtu yeyote. Ni kosa la mashine. Kwamba kwa kuwa haikuandikwa, haipo. Na kwamba mauzo yatafunguliwa mara barua pepe halali, yenye salamu kamili, itakapotumwa.

"Ukisaini, kosa ni la mashine, na wewe unarudi nyumbani kwako," alisema. "Usiposaini, kosa ni lako. Na nyumba, kama tulivyosema, si yako."

Nje sauti ilipanda mpaka dirishani. Bi. Ndekile alikuwa amekishika chuma cha geti kwa mikono miwili. "Baba! Kilumanga! Waambie wafungue! Nusu saa tu nipakie, niondoke zangu!"

"Waheshimiwa," alisema Kilumanga, na akajishangaa kusikia sauti yake, "tungewaacha wapakie kwanza. Wameshafika. Halafu nasaini. Nasaini chochote."

"Wapakie nini?" aliuliza Bi. Chitete.

"Saruji."

"Saruji gani? Iliyotangazwa na barua pepe ipi?"

"Hii hapa, mheshimiwa."

"Hiyo haipo. Au ipo? Kama ipo, iliandikwa na nani?"

Tone la kwanza liligonga kioo. Kilumanga alilitazama likiteremka. Akamwona Mama Semeni anang'oa mchicha. Akamwona mama mkwe wake amekaa juu ya mzigo barabarani, safari hii ana la kulalamikia. Dokta Bwaganyo alifungua kifuniko cha kalamu akamwelekezea, upande wa wino kwake.

Kilumanga akasaini. Alikuwa na mwandiko mzuri.

*

Alishuka getini yeye mwenyewe kuwaambia. Hakuna aliyemtuma, pengine alidhani ndiyo heshima.

"Bi. Ndekile, imeahirishwa kidogo. Itatumwa barua pepe nyingine."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka salamu zikamilike."

"Baba, si uliniambia Ijumaa? Leo siyo Ijumaa?"

"Ile ilikuwa kosa la mashine, mama."

Bi. Ndekile aliachia geti. Alimtazama kama mtu anayesoma mfuko kuona kama ndani mna saruji au majivu.

"Mashine ndiyo iliyoniita kwa jina langu?"

Mama yule akapanda kwenye lori tupu, akamgonga dereva begani, na lori likageuka. Nyuma yake moja baada ya jingine yakageuka yote.

Kamati ikaanza kuandika barua pepe halali. Kazi ilikwenda vizuri mpaka ilipofika kwa Waziri wa Maji. Je, asalimiwe miongoni mwa waliopo, au wanaotarajiwa? Maana alikuwa ng'ambo ya mpaka, hataki kurudi mpaka asikie ametajwa, na hawezi kutajwa mpaka arudi. Suala hilo lilikuwa bado mezani mvua ilipoanza rasmi.

Mvua haikumsalimu mtu. Iliingia ghalani kwa matundu yote ya mzinduzi, usiku na mchana, Jumamosi yote.

Barua pepe halali ilitumwa baada ya masika. Ilikuwa ndefu kuliko zote zilizowahi kuandikwa, na Waziri wa Maji alitajwa mara mbili, kwa usalama. Ilizinduliwa kwa sherehe. Mbao za jukwaa zilikuwa hazijafika, kwa hiyo mifuko ya saruji ilitolewa ghalani ikapangwa, na kwa kuwa sasa ilikuwa mawe matupu ilibeba wakubwa wote bila kutikisika. Dokta Bwaganyo alisimama juu yake akausifia uimara wa bidhaa za Shirika. Kilumanga alipandishwa cheo siku hiyo hiyo, akawa Mkuu wa Kitengo cha Kuzingatia. Alipeana mkono na kila mtu jukwaani, akashuka kwa uangalifu, maana mifuko ilikuwa inateleza. Jioni alimpigia simu Bi. Ndekile, kama alivyofanya siku nyingi kabla, na kama siku hizo, simu iliita mpaka ikachoka.

Gharama ya yote hayo ni hii. Saruji, ghala zima. Ukuta wa Mteremkoni, haukujengwa. Mlima ulishuka Jumapili moja asubuhi, wakati soko halina watu, ndiyo sababu redio ilitangaza kwamba hakukuwa na madhara. Vibanda ishirini na viwili. Punda wa muuza maji. Duka la Bi. Ndekile, lote, mpaka misumari. Mguu wa kulia wa fundi Mwinchande, aliyekuwa anajaribu kuuzuia mlima kwa magunia ya mchanga. Nyumba ya Kilumanga haikuguswa, na mchicha umestawi. Katika salamu, haikupotea hata moja.